Tuzo za kila mwaka za vifaa vya teknolojia: nani kakigusa kifaa, nani kalipa, nani mwenye meza

Wadau wa vifaa, leo sichambui TV wala spika, nachambua zile tuzo zinazobandikwa kwenye maboksi yake, maana kila mara naulizwa "fundi, hii ina tuzo, nichukue?" na kujibu ndio au hapana haitoshi kabisa. Kazi yangu ni kufunga sauti na TV, majumbani, kwenye kumbi, makanisani, misikitini, kwa hiyo hizi stika naziona sana na nimekaa nikafuatilia kila moja inapatikanaje, nani anapiga kura, kifaa kinafikaje mbele yake, na hela inatoka mfuko wa nani. Zinatofautiana mno. Kuna tuzo ambayo watu wamejifungia chumbani na kifaa wakakisikiliza na wapinzani wake mpaka wakaelewana, na kuna tuzo ambayo jaji hajawahi hata kukishika hicho kifaa, kasoma fomu basi. Zikishakuwa stika zinang'aa sawasawa.

Nianze na ninazozitegemea zaidi kazini, za jarida la What Hi-Fi? la Uingereza. Jarida limeanza 1976, tuzo zikaanza 1983, na mwaka 2018 likatoka kwa Haymarket likaenda kwa kampuni ya Future. Hawa wana vyumba vyao vya majaribio, kifaa kikifika hakiachiwi mtu mmoja aandike anavyojisikia, kinasikilizwa na timu, tena kinawekwa ubavuni mwa kile kinachoongoza kwenye bei ileile, wanahamisha waya huku na kule mpaka wakubaliane. Mwaka mzima wanagawa nyota, mwisho tano, halafu ikifika msimu wa tuzo, kuelekea mwisho wa mwaka, wale wakali wanapambanishwa wenyewe kwa wenyewe. Na kifaa cha zamani kidogo kikiwa bado hakijapata wa kukitoa wanakipa tuzo tena, mwaka wa pili, hata wa tatu, na hilo mimi naliheshimu sana kwa sababu biashara ya magazeti inapenda kipya, kampuni nazo zinapenda uandike kipya, sasa jarida kusema "hiki cha mwaka juzi bado ndio baba lao" linahitaji roho ngumu.

Kingine wamegawa vipengele vyao kwa bei. Hawakwambii tu amplifaya bora duniani, wanakwambia amplifaya bora ukiwa na kiasi hiki, spika bora kuanzia bei hii mpaka hii, TV wanagawa kwa inchi. Hivyo ndivyo mtu anavyonunua kweli, anaingia dukani na hela aliyonayo.

Ila hapohapo kuna shida ambayo watu wa huku hawaioni mapema. Bei zao ni za kule. Tuseme spika imeshinda kwenye kundi la pauni 250, imeshinda kwa sababu kwa pauni 250 kule hakuna ya kuigusa. Ikishasafirishwa, ikalipiwa ushuru, mwagizaji akaweka chake na mwenye duka akaweka chake, inaweza ikakufikia kwa hela ambayo kule ni ya spika ya pauni 400, na hapo haishindani tena na zile ilizozipiga, inashindana na wakubwa zake ambao hakuna aliyewahi kuilinganisha nao. Kwa hiyo tuzo ni ya kweli kabisa, spika ni nzuri kabisa, ila ile hoja iliyoipa ushindi imebaki bandarini. Mimi huwa nafanya hivi: naangalia bei ya hapa mjini, naigeuza pauni, naenda kuangalia nani kashinda kwenye kundi la hiyo hela. Hata hivyo What Hi-Fi? nawapa nyota nne na nusu, na hiyo nusu iliyopungua ni umbali tu.

EISA ndio ile nembo utakayoikuta sana kwenye kamera, TV, amplifaya na redio za gari, imeandikwa miaka miwili pamoja, mfano 2023-2024. Hili siyo jarida moja, ni muungano wa majarida. Ulianza 1982 wahariri wa majarida machache ya picha ya Ulaya walipoamua kuchagua kamera ya mwaka, leo wanachama ni karibu majarida na tovuti 60 kutoka nchi nyingi, hata nje ya Ulaya, na wamejigawa vikundi vya wataalamu: picha, hi-fi, sauti za sinema ya nyumbani, TV na projekta, simu, na vifaa vya kwenye gari. Kila mwanachama amekuwa akijaribu vifaa kwenye jarida lake mwaka mzima, wanakutana wanajadili, wanapiga kura, matokeo yanatangazwa 15 Agosti, muda mfupi kabla ya IFA, maonyesho ya vifaa vya umeme ya Berlin. Faida yake ni kwamba mhariri mmoja mwenye urafiki na kampuni fulani hawezi kubeba tuzo peke yake, atazidiwa na Mjerumani na Mhispania na Mpolandi. Ninachokilalamikia ni vipengele. Vipo vya maana vya kifaa bora kwa bei nafuu, lakini ukishuka kwenye orodha unaona vinazaliwa vipengele vyembamba, na kipengele kikiwa chembamba sana mshindi anakuwa kama hakupata mpinzani. Kwa hiyo nembo ya EISA ukiiona usiishie kwenye nembo, soma yale maandishi madogo chini yake yanayosema ni bora kwenye nini.

Nitoe mfano wa kazini. Kuna mama mmoja wa Tabata, mteja wangu wa muda mrefu, kaniita nimfungie saundibaa mpya (ile spika ndefu ya kukaa chini ya TV), nafika boksi lina stika tatu, moja juu ya nyingine. "Fundi, hii ndio imeshinda dunia, muuzaji kaniambia." Nikamwambia mama ngoja tusome kwanza. Stika ya kwanza ilikuwa ya muonekano, yaani umbo lake, sauti haihusiki kabisa. Ya pili ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, ya modeli iliyotangulia, jina la familia lilelile. Ya tatu ndio ilikuwa ya sauti na ya mwaka wenyewe, ila ukisoma namba ya modeli kwenye stika ni ya ile kubwa inayokuja na sabufa na spika mbili za nyuma, yeye kauziwa ndogo, upau peke yake. Hakuna uongo ulioandikwa pale, kila stika ilikuwa ya kweli kwa kitu chake, lakini mama wa watu alilipa akijua anapata ile iliyosikilizwa na majaji. Bahati duka lilikuwa la wastaarabu, tulirudi nayo, akaongeza hela akachukua yenye sabufa. Kampuni sitaitaja, ila mjue huu mtindo ni wa kampuni nyingi.

Sasa tuzo za CES, yale maonyesho makubwa ya teknolojia. Hizi ndizo zinazopigiwa kelele zaidi na ndizo ambazo siziamini sana kwa mtu anayetaka kununua. CES Innovation Awards haitolewi na jarida, inatolewa na CTA, chama cha kampuni za vifaa vya umeme vya Marekani, wenyewe ndio wenye yale maonyesho ya Januari Las Vegas. Kampuni inalipa ada, inajaza maelezo, inaambatanisha picha na video, majaji wanasoma wanatoa alama. Kinachovuka alama fulani kinaitwa Honoree, na cha juu kabisa kwenye kundi kinaitwa Best of Innovation, na hao Honoree kwa mwaka ni mamia. CTA wenyewe hawafichi, wanaandika wazi kwamba tuzo imetokana na maelezo yaliyoletwa kwa majaji, kwamba hawakuhakiki ukweli wa maelezo hayo na hawakukijaribu kifaa. Nawashukuru kwa kusema, ila hayo maneno hayamo kwenye stika. Na vingi kati ya hivyo vifaa wakati vinapewa tuzo havijaanza hata kuuzwa. Kama unataka kujua dunia inaelekea wapi, soma orodha yao, ni tamu. Kama unataka kutoa laki nane zako, nyota moja na nusu.

Halafu pale palepale CES kuna tuzo nyingine za waandishi wanaozunguka mabandani, wanaoona kifaa kikiwashwa, wanakigusa, jioni wanakaa kubishana. Hizo ni afadhali, ingawa dakika kumi kwenye banda lenye taa kali na muziki haziwezi kukwambia betri inakaa saa ngapi. Na hapa ndipo ilipotokea ile kesi ya 2013 ambayo kila mtu anayeamini tuzo anatakiwa aijue, nitaieleza vizuri.

Kwa miaka kadhaa tuzo rasmi za Best of CES zilikuwa zinachaguliwa na wahariri wa CNET, tovuti ya habari za teknolojia. Januari 2013 walikagua vifaa, wakapiga kura, na kura za kifaa bora cha maonyesho yote zikaenda kwa Hopper with Sling ya Dish, kampuni ya TV ya satelaiti ya Marekani. Kile kilikuwa king'amuzi chenye kinasa, unarekodi vipindi nyumbani halafu unaviangalia kwenye tableti ukiwa popote, na familia hiyo ya Hopper ilikuwa na kitu kinaitwa AutoHop, kinakurukisha matangazo kwenye vipindi ulivyorekodi. Sasa vituo vikubwa vya TV Marekani vinaishi kwa matangazo, vilikuwa vimeshaipeleka Dish mahakamani, na mmoja wa walioshtaki ni CBS. Na CNET wakati huo ilikuwa ya nani? Ya CBS, waliinunua 2008. Basi amri ikatoka juu, Hopper itolewe, kura zipigwe upya. Tuzo ikaenda kwa Razer Edge, tableti ya kuchezea gemu, na wasomaji wakaambiwa tu kwamba Hopper imeondolewa kwa sababu ya kesi inayoendelea, hawakuambiwa kwamba ilikuwa tayari imeshinda. Siri ikavuja. Mwandishi wao Greg Sandoval akaacha kazi, akasema wazi kwamba hana tena imani na CBS kwenye uhuru wa habari. Mhariri mkuu Lindsey Turrentine akaandika kueleza kilichotokea na jinsi walivyopinga ndani kwa ndani. Mwisho wa mwezi huohuo wenye maonyesho wakaitangaza Hopper kuwa mshindi mwenza na wakavunja ushirikiano na CNET.

Mimi hii kesi inanigusa kwa sababu wale wahariri walifanya kila kitu sawasawa. Walikigusa kifaa, walibishana, walipiga kura kwa haki. Kilichoharibu ni mwenye meza, yaani mwenye kampuni. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuuliza jarida linajaribuje nauliza kwanza jarida ni la nani, na huyo mwenye nalo anauza nini kingine. Kampuni ya habari ikiwa na TV, au ikiwa na duka la mtandaoni linalochukua asilimia kila ukibonyeza "nunua", hilo ni jambo la kulijua, na majarida mengi leo yanaishi kwa hiyo asilimia. Haimaanishi yanadanganya. Lakini kifaa kizuri ambacho hakiuzwi kwenye maduka wanayoshirikiana nayo kina kazi ya ziada ya kuonekana.

Upande wa viwandani na maabara kuna R&D 100 (R&D ni utafiti na uendelezaji), wengine wanaziita Oscar za uvumbuzi. Hizi ndizo tuzo za jarida la kitaaluma hasa, zilianzishwa 1963 na jarida la Industrial Research, baadaye likaja kuitwa R&D Magazine, sasa R&D World. Humo hamna saundibaa. Unaleta kitu ambacho kimeanza kuuzwa au kutolewa leseni ndani ya kipindi husika, unalipa ada, na kwenye maombi unatakiwa uweke jedwali linalolinganisha kitu chako na vya washindani, kipimo kwa kipimo, pamoja na ushahidi. Majaji ni wataalamu wa nje kwenye fani zile. Nao wanasoma karatasi kama wale wa CES, ila tofauti ni kwamba mtu wa kupima kemikali anasomwa na mtu wa kupima kemikali, ukimdanganya kwenye jedwali anajua. Washindi wakubwa wa kudumu ni maabara za taifa za Marekani, Oak Ridge, Sandia, Los Alamos, na Lawrence Livermore ambao tangu waanze kushindana 1978 wameshabeba zaidi ya 150.

Ukipitia washindi wao wa zamani unapata raha. ATM 1973. Faksi 1975. Kioo cha LCD 1980, ambacho ndio mzazi wa kila TV bapa niliyoitundika ukutani. TV ya HD 1998. Halafu humohumo 1991 kuna Photo CD ya Kodak, mfumo wa kuweka picha za filamu kwenye diski uziangalie kwenye TV, ambao leo ukimtajia kijana wa duka la picha hajui unaongelea nini, na Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Majaji hawakukosea, kitu kilikuwa kipya na kilifanya kazi. Wao walikuwa wanajibu swali la upya na ufundi, hawakuulizwa kama kitadumu sokoni. Nawapa nyota nne kwa kazi yao, ila usiipeleke hiyo tuzo Kariakoo, haihusiani.

Kuhusu hela, na hapa watu hukasirika. Majarida na taasisi nyingi hazikutozi kushinda, zinakutoza kutumia nembo. Umeshinda, sawa, ukitaka kuibandika kwenye boksi na tangazo lipia leseni. Hata Which? ya Uingereza, ambao ni taasisi ya walaji ya tangu 1957 na wananunua vifaa wenyewe, wanatoza kampuni kutumia ile Best Buy yao. Stiftung Warentest wa Ujerumani nao wana leseni ya nembo tangu 2013. Kwangu hiyo haina tatizo mradi hela ije baada ya majaribio na wanunue kifaa dukani kama mteja. Consumer Reports wa Marekani, walioanza 1936, ndio wagumu kuliko wote, wananunua kila kitu wenyewe kimyakimya, hawachukui matangazo, na kwa miaka mingi walikataza kampuni kutumia alama zao kwenye matangazo. Ndio maana kwa muda mrefu hukukuta stika yao kwenye boksi, na kifaa kisicho na stika kinaweza kuwa ndicho kilichopimwa vizuri kuliko vyote dukani!

Chini kabisa kuna zile tuzo za bure za programu. Mwaka 2007 mtengeneza programu mmoja wa Uingereza, Andy Brice, alichukua faili la maandishi linalosema halifanyi chochote, akalibadilisha jina liishie na .exe kama programu, akaliita awardmestars, akalituma kwenye tovuti zaidi ya elfu za kupakua programu. Halifunguki hata. Likapata tuzo 16, na barua za pongezi za wahariri waliodai wameikagua. Tovuti zilitaka tu aweke nembo yao kwenye ukurasa wake ili wapate watembeleaji. Nyota hakuna.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hata tuzo ya haki kabisa ya Ulaya au Marekani haijapima vitu vinavyoua vifaa hapa. Ndugu akikuletea amplifaya yenye tuzo kutoka Marekani angalia nyuma, kama imeandikwa 120V peke yake na huku kwetu ni 230V, ukichomeka tu umeiua, na nimeshazifungua za namna hiyo zinanuka transfoma. TV nyingi zinakubali kuanzia 100 mpaka 240 kwa hiyo zinavumilia umeme ukishuka jioni, ila ya Marekani ina mfumo wao wa kupokea chaneli, antena ya hapa haitaielewa, utategemea king'amuzi. Na namba ya modeli soma yote mpaka mwisho: LG ya OLED55C3 ya Uingereza inaishia 4LA, ya Marekani inaishia PUA, na inayopitia Dubai ina mwisho wake, jarida lilijaribu mojawapo tu. Muuzaji mwambie akupe namba kamili kwa meseji kabla hujalipa, akisita nenda duka la jirani.

Ninachokitamani kwa moyo wote ni tuzo ya hapahapa. Mafundi tupo, Dar, Mombasa, Nairobi, Arusha, Zanzibar. Tukinunua wenyewe dukani kwa kuchangishana, ningeanza na saundibaa za chini ya laki tano za Tanzania, tunaziwasha kwenye umeme wa volti 180, tunazizima na kuziwasha ghafla kama umeme unavyokatika, tunaziweka kwenye chumba cha bati saa nane mchana, tunapiga taarabu na gospo na mpira kwa pamoja tukizilinganisha, halafu tunazifungua nyuma tuone kama kapasita na bodi zake zinapatikana mjini au ikifa imekufa. Bei tunaandika ya duka la hapa. Fundi aliye tayari aandike hapo chini yuko mji gani na ana vipimo gani, mimi nina mita ya volti, variaki (kifaa cha kupandisha na kushusha volti) na chumba.